Kumpeleka mtoto ziwani siku yake ya kuzaliwa: mwongozo kwa wazazi wa Kigoma

Kigoma tumejaliwa ziwa, kwa hiyo bethidei ya mtoto ikikaribia wazazi wengi huwaza jambo moja: twende bichi. Wazo ni zuri. Mambo huharibika pale shughuli ya mtoto wa miaka mitatu inapopangwa kama sendofu. Kuna MC, kuna spika, kuna wageni sitini, na keki inakatwa saa moja usiku wakati mwenye shughuli ameshalala begani kwa shangazi yake. Mwongozo huu ni wa watoto wa mwaka mmoja hadi sita. Ninachosisitiza tangu mwanzo ni kwamba ratiba nzima ifuate usingizi wa mtoto, njaa ya mtoto na usalama wa mtoto. Sisi wakubwa tutajipanga humo humo.

Hatua ya kwanza: jua unamfanyia nani, ndipo uhesabu watoto

Mtoto wa mwaka mmoja hajui kama kuna bethidei. Shughuli yake ni ya wazazi, bibi na babu, na inatosha kufanyika nyumbani mkekani, asubuhi akiwa ameamka vizuri na ameshiba. Mpige picha, mpe kipande cha keki akichezee, basi. Kumpeleka ziwani umri huo ni kujibebesha pampasi, chupa ya uji na mwavuli, na yeye mwenyewe anatambaa kuelekea majini muda wote.

Wa miaka miwili hadi mitatu anapenda maji na mchanga kuliko anavyopenda watu. Wenzake wanne watano wanamtosha. Akifika minne, tayari ana marafiki anaowataja kwa majina. Muulize anawataka nani, na umsikilize, maana mara nyingi atataja watatu tu, na mmoja wao atakuwa mtoto ambaye wewe hukumfikiria kabisa.

Sasa hesabu wakubwa. Kila mtoto aliye chini ya miaka mitatu awe na mtu mzima wake. Kuanzia minne, mtu mzima mmoja aangalie watoto wawili, watatu ndio mwisho. Na nikisema mtu mzima nina maana ya mtu mzima kweli, si dada wa miaka kumi na miwili aliyebebeshwa mdogo wake mgongoni. Wakubwa wakipungua, punguza watoto. Neno "tutasaidiana" lisikudanganye, kwa sababu penye maji, kazi ya wote huwa si kazi ya mtu.

Najua kinachowakwamisha wengi ni majirani. Mtaani Mwanga au Gungu, kutoka na keki mkononi huku watoto wa nyumba tatu wamesimama wanakutazama ni jambo linaloumiza roho. Njia ninayoipendekeza ni kutenganisha shughuli mbili. Ziwani waende wachache. Siku inayofuata pika sufuria ya pilau, au hata maandazi na juisi ya ukwaju, watoto wa mtaa wote waje wale barazani. Na wazazi waambiwe mapema, kwa ustaarabu: "Mama Zuhura, ziwani tunakwenda wachache kwa ajili ya maji, si unajua. Ila kesho yake wote waje kwangu kula." Ukilieleza hivyo hakuna atakayenuna.

Hatua ya pili: panga siku na saa

Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, lakini saa tunatumia ile ile ya Dar es Salaam. Ndiyo maana kwetu jua huzama zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Dar, na utosini hufika karibu saa saba mchana. Kwa mpangaji wa shughuli ya mtoto hili lina maana kubwa: saa tisa alasiri ya Kigoma bado ni jua kali, na mtoto akiwa mchangani muda huo ataungua mabega. Kuna dirisha mbili tu za kuaminika. Ya kwanza ni kutoka nyumbani saa mbili na nusu asubuhi, kuchezea maji hadi saa nne na nusu, kula na kukata keki saa tano, na kufika nyumbani saa sita na nusu walale. Ya pili ni kuwalaza kwanza mchana, kutoka saa tisa na nusu, kuanza saa kumi, na kufunga virago kabla jua halijagusa milima ya Kongo ng'ambo.

Mimi napendelea asubuhi. Watoto wameamka na nguvu, ziwa mara nyingi limetulia, na likitokea la kutokea bado kuna mchana mzima wa kutafuta msaada. Kiangazi, kuanzia Mei hadi kama Septemba, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu na mawimbi ya mchana yanaweza kumwangusha mtoto aliyesimama kwenye maji ya kifundo cha mguu.

Asubuhi ina tatizo lake. Jumapili wengine wapo kanisani, na watoto wengi wa Ujiji Jumamosi na Jumapili asubuhi wapo madrasa. Uliza kabla ya kutangaza. Ikishindikana, chukua Jumamosi saa kumi. Bethidei ikiangukia Ramadhani, isogeze hadi baada ya Idi. Mtoto wa miaka minne hajui tarehe, anajua keki. Ila usiipeleke kwenye sikukuu yenyewe. Alasiri ya Idi au ya Krismasi fukwe hufurika, muziki unapigwa kila upande, na mtoto mdogo akiponyoka dakika moja kumpata ni kazi. Nenda siku mbili baadaye, asubuhi.

Kati ya Novemba na Aprili mvua ina usemi wake. Kila mwaliko wa miezi hiyo uwe na neno "mvua ikinyesha tuko nyumbani", na nyumbani kweli kuwe na mkeka na nafasi. Ukisikia ngurumo ukiwa ufukweni, watoto watoke majini hapo hapo na waingie ndani ya nyumba au gari lenye bati juu. Kivuli cha mwembe uliosimama peke yake si mahali pa kujificha radi. Msirudi majini hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Hatua ya tatu: chagua mahali, na ukapaone kwanza

Ufukwe wa Jakobsen, upande wa Katonga, ndio wengi huufikiria kwanza. Ni wa watu binafsi, una kiingilio, una mchanga safi katikati ya miamba, na haupitiwi na kila mtu, jambo ambalo kwa watoto ni faida. Piga simu au pita mapema uulize kiingilio cha wakubwa na cha watoto, kama mnaruhusiwa kuja na chakula chenu, na kama wana banda la kivuli la kukodi. Ziko pia fukwe za hoteli za mjini, ambako mara nyingi utalazimika kununua chakula chao lakini choo kipo karibu. Usidharau choo. Watoto sita wa miaka minne wakipewa juisi, nusu saa baadaye wote wanataka kwenda.

Popote utakapochagua, nenda ukapaone ndani ya wiki hiyo hiyo. Maji ya Tanganyika yalipanda sana kuanzia mwaka 2020 na sehemu nyingi za pwani zikaliwa, kwa hiyo ufukwe ulioujua kabla ya hapo huenda leo una mchanga wa hatua tano tu. Ukifika, ingia majini mwenyewe. Tembea taratibu kwenda mbele na uhesabu ni hatua ngapi kabla maji hayajafika kiunoni. Kama ni chache, tafuta pengine. Waulize wavuvi waliopo kama mamba au kiboko ameonekana upande huo, na jibu lao ulichukue kwa uzito wote.

Kibirizi ni mwalo, mahali pa kazi. Kuna injini, kamba, vichwa vya samaki na mitumbwi inayoingia na kutoka, kwa hiyo bethidei haifai kufanyika pale. Lakini mkipita robo saa njiani, watoto wameshikwa mikono, wataona dagaa walioanikwa waking'aa kama sarafu, na akina mama wanavyowageuza kwa mkono. Mtoto atachuchumaa hapo akataka kumgusa mmoja mmoja. Mwache, kisha mtu mzima amnawishe mikono.

Kwa familia zinazoogopa maji, au zenye watoto wadogo zaidi, nashauri Ujiji, kwenye makumbusho ya Dkt. Livingstone, pale alipokutana na Stanley mwaka 1871. Kuna uwanja, kuna kivuli cha miembe, na ndani kuna sanamu za wale mabwana wawili wakisalimiana. Watoto huzisogelea kwa woga, halafu wanaanza kuzisalimia. Omba ruhusa ya kula keki uwanjani na uache pakiwa safi. Stesheni ya reli pale mjini, mwisho wa Reli ya Kati iliyofika hapa mwaka 1914, inafaa kwa mtoto anayependa treni. Ulizia siku ambayo treni ipo.

Gombe iache. Ni hifadhi ya taifa tangu 1968 na ni fahari ya mkoa wetu, lakini walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenda kuwaona sokwe msituni, na safari ya boti kwa watoto wadogo ni ndefu. Atakwenda akikua.

Hatua ya nne: maji

Hapa naomba usome taratibu.

Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, mita zipatazo 1,470 palipo na kina kirefu zaidi, na sehemu nyingi za upande wetu milima inashuka moja kwa moja hadi chini ya maji. Unaweza kuwa umesimama kwenye maji ya magoti, hatua mbili mbele hakuna chini. Mtoto anayezama hapigi kelele kama kwenye sinema. Kichwa kinarudi nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini, mikono inasukuma maji kwa pembeni, na yote yanakwisha kimya kimya katika muda wa mtu kumimina soda. Watoto wengi huzama watu wakiwepo, kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia.

Kwa hiyo weka mlinzi wa maji. Mtu mmoja, kwa jina, kwa nusu saa. Mvishe kitu kinachoonekana, kofia nyekundu au kanga ya rangi kali begani, ili kila mtu ajue ni zamu yake. Akiwa zamu hashiki simu, hapigi picha, hali, hakai kwenye kiti cha mbali. Anasimama maji yakiwa yamemfika magotini, yeye upande wa ziwani na watoto upande wa nchi kavu, macho kwao. Zamu ikiisha anamvika mwenzake ile kofia kwa mkono na kumwambia idadi: "Wako sita majini." Mwenzake anahesabu, anakubali, ndipo wa kwanza anaondoka. Shangazi anayejua kuogelea awe na zamu nyingi. Mjomba aliyekunywa bia asipewe hata moja.

Kikomo cha maji ni goti la mtoto mwenyewe, si goti lako. Chomeka vijiti viwili mchangani, kimoja kila upande, waambie watoto kwamba wanacheza kati ya vijiti hivyo. Watoto wa miaka minne wanapenda mipaka wanayoiona kwa macho, na wataanza wenyewe kushtakiana anayevuka.

Usiwape maboya ya kupuliza, yawe ya duara, ya bata wala ya mkononi. Asubuhi upepo unaweza kuwa unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Ufukweni maji yanaonekana shwari, lakini boya lenye mtoto linasukumwa nje haraka kuliko mtu mzima anavyoweza kulifuata. Mpira ukielea mbali, uache uende. Wafundishe hilo kabla hawajagusa maji: mpira ukienda, tunamwita mkubwa, hatuufuati. Na mtu akileta wazo la kuwazungusha watoto kwenye mtumbwi, jibu liwe hapana, isipokuwa kila mtoto ana jaketi okozi la saizi yake, lililofungwa hadi chini.

Beba dumu tupu la lita tano lenye mfuniko uliokazwa, ulifunge kamba ya mita kumi na tano. Likae mchangani karibu na mlinzi. Mtu akizidiwa, unamtupia dumu, analikumbatia, unavuta. Kumfuata majini wakati hujui kuogelea kunaongeza msiba wa pili.

Mtoto akitolewa majini hapumui, usimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo kutoa maji. Mlaze chali pagumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi tano kwa upole hadi kifua kinyanyuke. Kama bado, bonyeza katikati ya kifua mara thelathini kwa haraka na kwa nguvu, mpulizie mara mbili, na urudie bila kuacha huku mwingine akitafuta usafiri kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Namba ya dharura ni 112, ya zimamoto na uokoaji ni 114. Hata akizinduka na kulia, apelekwe. Mtoto aliyekunywa maji mengi akabaki anakohoa au kuhema kwa shida anahitaji daktari siku hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo bajaji au gari moja libaki na ninyi muda wote. Mlipe dereva asubiri. Hiyo ni gharama ya lazima, iwe ya kwanza kwenye bajeti kabla ya keki.

Kuna na kichocho. Ziwa letu lina konokono wanaobeba vijidudu vyake, na vijidudu hupenya ngozi mtoto akiwa anacheza tu majini. Hupenda mahali penye matete, maji yaliyotulia na karibu na makazi ya watu. Chagua penye mchanga au mawe, mawimbi yanapopiga, mbali na matete na mbali na mahali watu wanapofulia. Wakitoka majini wafute vizuri, ingawa kufuta peke yake si kinga. Makonokono makavu matupu yaliyotupwa mchangani hayana neno, watoto wayaokote watakavyo.

Maji ya kunywa yatoke nyumbani yakiwa yamechemshwa, na ya kunawa mikono yawe kwenye ndoo yenye koki pamoja na sabuni. Ya ziwani hayanywewi hata kidogo.

Hatua ya tano: chakula, na keki

Wale kwanza, keki baadaye. Mtoto mwenye njaa akipewa keki hula krimu, anaacha wali, na baada ya robo saa analia bila sababu inayoeleweka.

Pika vyepesi vinavyoliwa kwa mkono: wali au chapati, maharage yaliyoungwa kwa mawese, ndizi, embe likiwa msimu wake, viazi vya kukaanga. Mawese ni hazina yetu na yana vitamini A ya kutosha, ila doa lake halitoki kwenye gauni jeupe. Mwenye sherehe avae rangi nzito mpaka picha zipigwe, au abadilishwe nguo baada ya kula. Samaki wasikose, ni Kigoma hii. Mgebuka ni mtamu lakini kwa mtoto wa miaka miwili chambua mwenyewe nyama ya mgongoni, uipapase kwa vidole kabla hujampa. Kuhe mkubwa ana mifupa inayoonekana, ni rahisi zaidi. Dagaa wa kukaanga wakavu wanawafaa waliozidi miaka mitatu. Kumbuka pia suala la kufungwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na ziwa likifungwa dagaa na migebuka hupanda bei. Bethidei ikiangukia miezi hiyo, nunua wakavu mapema au upike kuku.

Vitu vya kuacha nyumbani kwa ajili ya koo za wadogo: karanga, pipi ngumu, jojo, na soseji zilizokatwa duara. Soseji ikate kwa urefu. Mishikaki ichomolewe vijiti kabla sahani haijamfikia mtoto. Na maputo: najua yanapendezesha picha, lakini kipande cha puto lililopasuka kikiingia kooni kinaziba kabisa, na kukitoa ni vigumu. Puto lisikae mdomoni mwa mtoto, na likipasuka vipande viokotwe vyote. Mimi naona kanga na vitambaa vya rangi vilivyofungwa kwenye kamba kati ya miti vinapendeza zaidi na havina madhara.

Chakula cha moto kikae kwenye hotpoti na kiliwe ndani ya saa mbili tangu kutoka jikoni. Kilichobaki kwenye sahani wazi juani hakirudi nyumbani.

Mwokaji umwambie mapema kwamba keki inakwenda ziwani. Krimu nyingi itayeyuka kabla ya Katonga. Omba keki ya kawaida yenye sukari ya unga juu, au krimu kidogo sana, na iwe ndogo. Watoto sita hawamalizi kilo tatu. Isafirishwe ndani ya ndoo pana yenye mfuniko, imewekwa sakafuni mwa gari au bajaji, si mapajani mwa mtu, kwa sababu paja linainama kila kona na sakafu haiinami. Mshumaa kwenye upepo wa ziwa hauwaki, na watoto watajazana kuutazama ukigoma. Kata dumu la maji la plastiki chini na juu, litumie kama kikinga upepo, au mshumaa uwashwe nyumbani asubuhi kabla ya kutoka na ziwani iliwe keki tu.

Kulishana keki kuwe kufupi. Mtoto awalishe wazazi na bibi, akitaka na rafiki mmoja. Foleni ya mashangazi kumi na watano, kila mmoja akisubiri apigwe picha, humchosha mtoto na kumliza siku yake. Risala zisiwepo. Babu akitaka kumwombea dua au sala, aombe kwa ufupi kabla ya chakula, mtoto akiwa amekaa naye.

Na lile la kumwagia maji mwenye bethidei: kwa mtoto mdogo lisifanyike kabisa. Kwa vijana ni mzaha. Mtoto wa miaka mitatu anayemwagiwa ndoo kwa kushtukizwa na watu anaowaamini haelewi kama ni mzaha, ataogopa maji na kuwaogopa na ninyi. Kama kuna mjomba mwenye tabia hiyo, mwambie siku moja kabla, mkiwa wawili.

Michezo

Usiajiri mtu wa michezo. Mchanga na maji vinatosha saa nzima. Beba vikombe vya plastiki, vijiko vya zamani, sufuria moja kuukuu na kindoo, waache wajipikilishe. Utamwona mmoja anaosha kokoto moja moja, anazipanga kwenye mfuniko, anakuletea na kukukaribisha chai kwa adabu zote za mama mwenye nyumba. Pokea, kunywa, sema "asante mama, imekolea sukari", na umrudishie kikombe akaongeze.

Wa miaka mitano na sita wanaweza kucheza rede au kombolela kwenye nchi kavu, mbali na maji, wakiwa bado hawajala. Hakuna haja ya mshindi wala zawadi ya mshindi.

Zawadi zifunguliwe nyumbani. Zikifunguliwa ufukweni, vidogo vitapotea mchangani na kuna mtoto atalilia cha mwenzake.

Hatua ya mwisho: kurudi

Anza kufunga wakati bado wanafurahi. Ukisubiri wachoke, utafunga huku unabembeleza watano wanaolia kwa pamoja. Waambie mapema, mara mbili: bado kidogo, kisha maji ya mwisho. Hesabu watoto kabla ya kukusanya vyombo, na tena wakiwa wameshakaa kwenye usafiri. Wafute, wavae nguo kavu, na kama ni jioni iwe mikono mirefu na suruali, maana jua likianza kuzama mbu hawachelewi na malaria ya huku haina mchezo.

Bajaji isijazwe kupita kiasi kwa sababu "ni watoto tu". Bora iende mara mbili, na kila safari iwe na mtu mzima. Mtoto aliyesinzia asipandishwe bodaboda.

Taka zote zirudi nanyi. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo beba kiroba kikubwa cha taka na mtu mmoja apite mara ya mwisho kutafuta vifuniko vya soda, vijiti na vipande vya puto kama kuna aliyeyaleta.

Wiki chache zinazofuata, mzazi wa kila mtoto aliyeingia majini akumbuke jambo moja. Akiona damu kwenye mkojo au kinyesi, kuumwa tumbo kusikoisha au homa isiyo malaria, amweleze mganga wazi kwamba mtoto alicheza ziwani. Hata pasipo dalili, ni vizuri kumpima kichocho baada ya wiki sita hadi nane, hasa walio chini ya miaka mitano, kwa kuwa dawa zinazogawiwa shuleni huwafikia kaka na dada zao na mara nyingi wao huachwa. Kipimo ni cha choo na mkojo, na dawa ya kukitibu ipo.